Vumawimbi kwa wati 20: safari ya redio kisiwani Pemba

Haya nimeyakusanya kutoka daftari la logi (kumbukumbu za mawasiliano), picha za simu na risiti zilizobaki mfukoni. Safari yenyewe ilikuwa Oktoba 2024. Jamaa wengi wameniuliza nilikuwa nafanya nini Pemba na waya, mwanzi na kiredio kidogo, basi jibu lao ndilo hili.

Kwa asiyeijua fani hii: redio ya ridhaa ni ya mtu binafsi mwenye leseni, anayezungumza na wenzake duniani kwa mawimbi mafupi, bila bando wala mnara wa simu. Leseni kwetu Tanzania hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano, leseni ni ileile Bara na visiwani. Alama zetu za wito, yaani majina yetu hewani, huanza na 5H au 5I. Pemba ina mvuto wa pekee kwa sababu upo mpango wa kimataifa wa kuwasiliana na visiwa, IOTA, ulioanzia Uingereza mwaka 1964. Humo Pemba ni AF-063, na wapo watu Ulaya na Japani wanaoitafuta namba hiyo kwa udi na uvumba.

Jumamosi 12 Oktoba: Dar es Salaam hadi Unguja

Begini: redio ya Xiegu G90 yenye nguvu ya wati 20, betri ya lithiamu ya volti 12, paneli ya jua ya kukunja, kebo mita 15, redio ya mkononi ya Baofeng, kipimo cha antena cha NanoVNA, waya wa umeme wa kawaida wa Kariakoo, na mshipi wa kuvulia wenye chubwi lake. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo vilivyofanya kazi kubwa.

Bandarini begi likakwama kwenye mashine ya ukaguzi. Kijana wa zamu akaitazama picha, akanitazama mimi. "Kaka, hiki ni nini?" Nikasema redio ya mawasiliano. "Redio koli?" Nikamwambia ni ya ukoo huohuo, ila hii inafika mbali zaidi. Akamwita mkubwa wake, na mkubwa akamwita wake. Hakuna aliyenifokea, lakini karatasi ilizunguka meza tatu na boti ya asubuhi ikaondoka huku naiona. Nikapata ya mchana. Nauli ilikuwa elfu thelathini na kitu, na hubadilika, kwa hiyo ulizeni dirishani, si kwa wapiga debe.

Kwa watakaofuata: chukua nakala ya leseni iliyowekwa kwenye plastiki, risiti ya kununulia redio, na uwe umeandika mfano na namba ya mashine kwenye karatasi moja. Ncha za betri zizibe kwa utepe. Wanachokihofia wakaguzi zaidi ni betri.

Njiani nikasoma habari za jua. Tarehe 9 lilikuwa limelipuka mlipuko wa daraja X1.8, na usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 dunia ikapata dhoruba ya sumaku ya kiwango cha G4, ya pili kutoka juu kwenye ngazi ya hatua tano. Dhoruba kama hiyo huivuruga tabaka ya angani inayorudisha mawimbi mafupi chini. Nikajiambia litakalokuwa na liwe, nikashuka Malindi, nikala urojo Forodhani.

Jumapili 13 Oktoba: Unguja hadi Mkoani, kisha Chake Chake

Meli ilichelewa kung'oa nanga, ikipakia magodoro, mchele, pikipiki na jokofu moja lililovikwa shuka. Bahari ya Oktoba ni tulivu kwa kuwa kusi limeshakatika na kaskazi bado. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao Wete alinikaribisha visheti kutoka kwenye ndoo yake, akaniuliza ninakwenda kwa nani. Kusema huna mtu Pemba ni kumtia mwenzio huruma. Kabla hatujafika alikuwa ameshaniandikia jina la nduguye wa Konde.

Mkoani hadi Chake nilipanda gari ya abiria. Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza, mikeka imetandazwa kando ya barabara, na harufu inaingia hadi ndani ya gari. Dereva anaikwepa mikeka kwa adabu kuliko anavyokwepa mashimo.

Chake nilichukua chumba cha elfu arobaini, nikatupa waya dirishani na kuwasha redio. Kelele tupu. Mshale wa nguvu ya mawimbi ulikaa juu bila kushuka. Taa za LED, chaja za simu, televisheni ya jirani, vyote vinapiga kelele kwenye mawimbi mafupi. Nikazima taa yangu, ikapungua kidogo. Saa 2 usiku umeme ukakatika mji mzima. Mtaa ukaguna kwa sauti moja, nami nilikuwa peke yangu niliyefurahi: mshale ukaanguka, na chini ya ile kelele kumbe kulikuwa na watu wakizungumza Kiarabu, Kirusi na Kiitaliano. Nikasikiliza kwa betri mpaka umeme uliporudi, nikazima, nikalala.

Jumatatu 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa. Nilikula pweza wa nazi na mkate wa kumimina, nikakata waya.

Hapa niweke hesabu, maana ndizo zinazoulizwa sana. Antena ya dipoli ni waya mbili zilizonyooka pande mbili, katikati kebo. Urefu wake wote kwa mita ni 142.5 gawanya kwa masafa ya megahezi. Kwa 14.2, ambayo ni bendi ya mita 20 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake), unapata mita 10 na kidogo, yaani mita 5 kila mkono. Antena ya wima ya robo wimbi ni nusu ya hapo: mita 5 kwa bendi ya mita 20, mita 3.4 kwa mita 15, mita 2.5 kwa mita 10. Kata ndefu kidogo, pima, punguza. Kuukata waya ni rahisi kuliko kuuunga. Karibu na antena, kebo izungushe mara nane au kumi kwenye pete ya feraiti, la sivyo mkondo utarudi kupitia nje ya kebo hadi kwenye redio, na maikrofoni itakuchoma mdomo.

Jumanne 15 Oktoba: Konde, Ngezi, Makangale

Gari ya Konde, halafu bodaboda kwa elfu kumi kupita msitu wa Ngezi. Lami inaisha, unaingia chini ya miti mirefu, baridi inakupiga ghafla. Dereva alishika mwanzi wangu begani kama mshenga mwenye bendera, kila tuliyepishana naye akauliza tunakwenda kuvua nini.

Kituo cha kwanza kijijini ni kwa sheha. Hili lizingatiwe. Mgeni anayelala lazima sheha amjue, na mgeni mwenye waya na redio zaidi. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Sheha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetumwa na nani?"

Nikamweleza kwamba sikutumwa na mtu, ni mapenzi tu. Akasoma leseni mstari kwa mstari, akaandika jina langu katika daftari, akauliza swali moja lililonifanya nimheshimu: "Hii yako haitaingilia redio za wavuvi?" Nikamjibu haitaingilia. Wavuvi wenye redio hutumia masafa ya baharini, chaneli 16 ni megahezi 156.8, na mimi sina ruhusa ya kuzungumza huko isipokuwa mtu yuko hatarini. Akaridhika, akatoa kijana wa kunipeleka ufukweni Vumawimbi.

Hoteli za upande ule zilikuwa zikilipiwa kwa dola, nami sikuwa na dola. Wavuvi waliopiga dago, yaani kambi, pale ufukweni walinipa nafasi ya mkeka chini ya makuti, chakula pamoja nao, na walikataa pesa. Tulikubaliana ninunue mchele na mafuta ya taa.

Jumatano 16 Oktoba: mnazi

Asubuhi nilianza na dipoli. Kawaida hurusha chubwi juu ya tawi kwa mshipi, lakini mnazi hauna tawi, na chubwi hurudi na kuti bovu. Mzee wa dago akacheka, akamwita mkwezi. Bwana yule alifunga kamba miguuni, akauma ncha ya mshipi wangu kwa meno, na kabla sijamaliza kumshukuru alikuwa juu. Akapitisha mshipi nyuma ya shina chini ya makuti, akauachia ushuke na jiwe, halafu kwa kuwa ameshapanda akaangusha madafu manne. Mnazi wa pili vivyo hivyo. Elfu tano kwa yote, madafu ndani.

Minazi hucheza na upepo, kwa hiyo kamba ya antena usiifunge moja kwa moja. Ipitishe, ning'iniza jiwe upande wa pili, lipande na kushuka lenyewe. Ukiifunga, upepo wa kwanza wa usiku unakata waya.

Dipoli ilikaa mita tisa hivi juu, na kipimo kikasema SWR 1.3, sawasawa kabisa (SWR huonyesha antena inavyolingana na redio, na bora ni 1). Bendi zilikuwa zimeamka baada ya dhoruba. Jioni Ulaya ilijaa: Italia, Hispania, Ujerumani, Poland. Niliposema tu "AF-063" masafa yale yakageuka soko. Watu kumi wanaita kwa pamoja, husikii hata herufi moja. Dawa yake ni kutangaza kwamba unasikiliza juu ya masafa yako kwa kilohezi 5 hadi 10. Wao wanatawanyika, wewe unawachagua mmoja mmoja, na sauti yako inabaki wazi.

Mtandao wa simu pale unapatikana ukisimama karibu na mgomba fulani. Hapo ndipo niliposoma kwamba NASA na wenzao wa NOAA, mashirika ya Marekani ya anga na hali ya hewa, wametangaza jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25. Nilimsomea mzee wa dago. Akatazama juu, akasema, "Sisi tulilijua kwa migongo yetu."

Alhamisi 17 Oktoba: antena ndani ya bahari

Hii ndiyo siku niliyoiendea Pemba.

Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, yaani maji makuu, limeanza. Maji hujaa saa 10 jioni na kupwa saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa. Asubuhi maji yalipokwenda zake, tulichimbia upondo wa ngalawa (mti wa kusukumia chombo) mchangani, pale mawimbi yatakapofika baadaye, tukafungia mwanzi wangu juu yake. Waya wa wima mita 5. Chini yake, juu ya kimo cha maji yakijaa, nikanyoosha waya mbili za urefu uleule kwenda pande mbili, zimefungwa kwenye vijiti. Kebo ikapanda hadi kwenye kivuli cha dago.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno kuliko udongo au mchanga mkavu. Antena ya wima ikiwa karibu nayo, mawimbi ya redio huondoka chini kabisa, karibu na upeo wa bahari, badala ya kumezwa na ardhi. Na yanayoondoka chini ndiyo yanayofika mbali. Nilikuwa nimeyasoma haya, nikataka kuyasikia kwa masikio.

Kipimo changu kilikuwa kituo cha VK6RBP cha karibu na Perth, Australia. Ni kimojawapo cha vituo 18 duniani ambavyo hupokezana kwenye megahezi 14.100, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kisha hutoa milio minne mirefu: wati 100, 10, 1 na sehemu ya kumi ya wati. Ukihesabu milio unayoisikia, umepata rula ya bure. Kutoka Vumawimbi hadi Perth ni zaidi ya kilomita 8,000, karibu zote maji.

Saa 11 jioni, maji yakiwa bado yamejaa, yanapiga kwenye upondo. Kwenye dipoli: jina, mlio wa wati 100, na wa wati 10 kwa kubahatisha. Nikahamisha kebo kwenye ya wima, nikangoja dakika 3. Jina likaja likiwa limesimama juu ya kelele. Mlio wa kwanza. Wa pili, wazi. Wa tatu, mwembamba, lakini upo. Wati moja, kutoka Australia, kwenye waya wa Kariakoo uliofungwa upondo wa kuazima. Nikarudia mzunguko baada ya mzunguko mpaka wavuvi wakaanza kuhesabu pamoja nami kwa vidole.

Watu huniuliza wanunue ampulifaya gani. Ukikaa pwani, nenda na antena yako hadi maji yanapofika, halafu ndipo tuzungumze ampulifaya. Asubuhi iliyofuata maji yakiwa mbali nilijaribu tena, na tofauti haikuwa kubwa kama nilivyotarajia, maana mchanga wenyewe ulikuwa umelowa chumvi.

Usumbufu wa siku ulikuwa ng'ombe. Hushuka ufukweni kutafuta upepo, na mmoja alipita na waya wangu wa chini akiuburuta hadi kwenye mikoko. Vijana wakaufuata, wakaurudisha, wakafunga vitambaa vyekundu kila hatua mbili. Waya mwembamba wa kijivu hauonekani na ng'ombe, wala na mtoto anayekimbia. Vitambaa fungeni mapema.

Kuhusu umeme: paneli ilijaza betri mchana bila shida, ila kidhibiti cha chaji kinatoa kelele mbaya kwenye redio. Chaji wakati unakula, chomoa wakati unazungumza.

Ijumaa 18 Oktoba

Asubuhi niliukunja waya hadi mita 3.4 nikapata bendi ya mita 15, na saa 4 Japani ikafunguka, kilomita 11,000 na zaidi. Wajapani wana nidhamu ya ajabu: unataja nusu ya alama ya mmoja, wengine wote wananyamaza.

Nilijaribu pia FT8, ule mtindo wa kompyuta kutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15. Ulianzishwa 2017 na hupenya pale sauti isipopenya, mradi saa ya kompyuta isitofautiane na saa ya dunia zaidi ya sekunde moja hivi. Pasipo mtandao, chukua saa kutoka GPS. Nilipata watu wengi na sikumbuki hata mmoja. Sauti zile za Alhamisi nazikumbuka.

Logini muda wote huandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Saa 10 yetu ya jioni ni 13:00. Mimi huiwekea saa ya mkononi UTC tangu naondoka nyumbani, na simu naiacha na saa zetu.

Baada ya sala ya Ijumaa alikuja mzee mmoja na bakora, ameletwa na habari. Alifanya kazi miaka mingi bandarini zamani, kwenye simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya. Nilimpa kiti na maikrofoni akakataa maikrofoni. Akavaa vipokea sauti, akazungusha kitufe polepole kwa vidole viwili, akasimama kwenye kituo cha Morse, akafumba macho. Midomo ikaanza kutembea. "Anasema yuko... O, H... mbili." Ufini hiyo. Vijana waliokuwa wakimchekea bakora wakanyamaza kimya. Alikaa mpaka magharibi, akanisahihisha ninavyoshika kitufe cha Morse: mkono ulegee kwenye kiwiko, si kwenye vidole. Nimeufuata ushauri wake na kweli mkono hauchoki.

Jumamosi 19 Oktoba: Ras Kigomasha na Amani

Rafiki yangu wa Tanga alikuwa amepanda Usambara ya Mashariki, upande wa Amani, na redio ya mkononi. Tulipanga saa 3 asubuhi, megahezi 145.500, kila mmoja na wati zake chache. Mawimbi haya hayarudi kutoka angani, huenda moja kwa moja hadi yanapoishia upeo. Kujua yanafika wapi, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mahali ulipo kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mita 900 za mlimani zinampa yeye kama kilomita 123. Kati yetu palikuwa na kama 115, na mkondo wa Pemba wote katikati.

Chini ya mnara wa taa wa Kigomasha nilimsikia vipande vipande. Msimamizi wa mnara, kwa elfu tano, akanifungulia ngazi. Juu, milima ilikuwa mstari wa buluu upande wa magharibi, na sauti ya jamaa ikaja safi kama yuko chumba cha pili: "Nakuona... yaani, nakuona kwa masikio!" Msimamizi akaomba amsalimie. Wakaulizana habari za mvua na bei ya karafuu kwa dakika kumi nzima. Nilitaja alama yangu ya wito mwanzo na mwisho, kama sheria inavyotaka, na katikati niliwaachia wao.

Jumapili 20 Oktoba

Upondo nikaurudisha kwa mwenyewe, mchele uliobaki ukabaki dago. Konde nilimtafuta yule ndugu wa mama wa melini, nikapewa chai na muhogo, nikakosa gari ya kwanza ya Chake. Mengine ya njiani ni foleni na usingizi.

Watakaokwenda kwa ajili ya IOTA watunze tiketi za meli na picha zenye mahali panapotambulika, kwani huenda mkahitaji kuthibitisha kwamba kweli mlikuwa kisiwani. Mkirudi, osheni kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo: waya, viungio, hata mwanzi. Viungio vyangu viwili vilikuwa vimeshaanza kuota kijani nilipofungua begi Dar. Logi nimeshaipandisha, na kadi za karatasi za kuthibitisha mawasiliano ziko kwa mchapaji. Alizoniomba mzee wa simu ya upepo ni nakala mbili, moja aibandike barazani.